Matundu Mawili kwenye Kifundo cha Refa

Mimi ni refa wa mpira wa miguu, na kilichonitoa kwetu Mambrui hadi Kilifi ni kifundo cha mguu wangu wa kulia. Kiliteguka mara ya kwanza kwenye uwanja wenye mashimo, kipindi cha kwanza hakijafika nusu, nami nikaimaliza mechi nikichechemea. Watu walinishangilia, nikavimba kichwa. Kiliteguka tena, na tena. Kila mara nilikikanda kwa maji ya moto yenye chumvi, nikakifunga kitambaa, nikarudi uwanjani kabla hakijapona. Mwaka wa pili kikaanza kukwama. Nikiwa mbioni, ghafla hakikunji wala hakikunjuki, kama mlango uliobanwa na kokoto.

Daktari wa Malindi alinipa miezi mitatu ya mazoezi ya viungo. Mguu ulipata nguvu, lakini kukwama hakukwisha. Akaagiza picha, akazitazama kwa muda, kisha akaniandikia barua ya kwenda Kilifi. Mtihani wa mbio wa marefa ulikuwa umebakiza miezi minane, na asiyeupita huondolewa kwenye orodha.

Baba alisema atanisindikiza. Nilishangaa. Baba ni mwalimu wa madrasa. Hakuwahi kunikataza kupuliza kipenga, lakini hakuwahi pia kukanyaga uwanjani kunitazama. Kazi yangu aliiita "hiyo shughuli yako."

Alhamisi, saa moja ya asubuhi, tuliondoka kwa gari la binamu yangu. Tulivuka daraja la Sabaki, maji yakiwa mekundu kwa udongo wa bara, tukaipita Malindi bila kushuka. Baba alikaa mbele, kanzu ameikusanya magotini. Tulipokaribia Gede ndipo aliponiuliza, bila kugeuka:

"Kinauma?"

"Kikitulia hakiumi, Baba."

"Na kikiuma huwa wafanya nini?"

"Nakimbia hivyo hivyo."

"Nani alikufundisha hayo?"

Nikautazama mgongo wake. Miaka yote nimemwona akisimama mbele ya wanafunzi wake, mkono mmoja umeshika mgongo unaomuuma, na hajawahi kubaki nyumbani hata siku moja kwa sababu yake. Nadhani jibu alilijua, maana hakuuliza tena mpaka tukaingia Kilifi.

Saa nne hivi tulifika Kibarani, kwa Mama Kadzo. Marehemu mumewe na Baba walifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha korosho ujanani mwao. Alitoka mlangoni akifuta mikono kwenye leso, akamsalimu Baba kwa Kigiriama, na Baba akamjibu kwa Kigiriama kilichonyooka ambacho sikujua anacho.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ukae, huo mguu uuinue."

Mama Kadzo ni mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, lakini chumba alichompa Baba kilikuwa na mkeka umekwisha tandikwa, umeelekezwa kibla. Alitupakulia sima na mchicha wa nazi. Tulipokuwa tukila akauliza, "Mwalimu, binti yako huyu afanya kazi gani?"

Baba akakohoa. "Yumo kwenye mambo ya michezo."

Nikainamia sahani yangu.

Ijumaa asubuhi nilionana na daktari wa mifupa. Nilitarajia mzee kutoka mbali. Nikakuta mwanamke wa rika langu, Daktari Dama, mzaliwa wa Ganze, mwenye sauti ya chini na mikono yenye nguvu. Alikizungusha kifundo changu huku na huku hadi nikauma midomo.

"Si kila kifundo kilichoteguka huja kwenye kisu," alisema. "Vingi hupona kwa kupumzishwa na kwa mazoezi. Chako kimeteguka mara nyingi bila kupewa nafasi ya kupona. Tazama hapa." Akaniwekea picha kwenye mwanga. "Kipande cha mfupa kimemeguka na kinaelea ndani ya kiungo. Kikiingia katikati, mguu wakwama. Na hii gegedu, ule utandu laini unaofunika mfupa, imechunika hapa kwenye pembe."

"Nitakimbia tena?"

"Nitafanya kazi yangu vizuri. Yaliyobaki ni subira yako. Unayo?"

"Ninayo," nikasema, nikijua nadanganya.

Jumapili jioni nililazwa. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa mama mmoja wa makamo, Sidi, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akipaka nyumba yake chokaa. Mfupa wake ulikwisha unga zamani, lakini makovu ya ndani yalikuwa yameota mbele ya kifundo, hata hakuweza kuchuchumaa. Yeye pia alikuwa akingojea upasuaji wa matundu madogo. Tulilinganisha miguu yetu kama watu wanaolinganisha viatu vipya, tukacheka.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, walinichoma sindano ya ganzi mgongoni. Kuanzia kiunoni kwenda chini nikawa sina habari na mwili wangu, lakini macho yangu yalikuwa wazi.

"Wataka kuona?" Daktari Dama akauliza.

Wakaigeuza runinga upande wangu. Alikuwa ametoboa matundu mawili mbele ya kifundo, kila moja dogo kuliko ukucha wangu. Kwenye tundu moja aliingiza kamera nyembamba kama kalamu, kwenye la pili vyombo vyake. Nikaona ndani ya mguu wangu mwenyewe: mapango meupe yanayong'aa, maji yakipita, nyuzinyuzi zikiyumba.

"Huyu hapa mkorofi," akasema. Kipande kikaelea mbele ya kamera, mfano wa punje ya mahindi. Kibanio kikakifuata, kikateleza, kikakifuata tena, kikakikamata. Nilitaka kupiga makofi. Kisha akaisafisha ile gegedu iliyochunika na kuutoboa mfupa vitundu vidogo, ili utoe damu na kuotesha utandu mpya. Nikamtazama, binti wa Ganze, akifanya kazi hiyo kwa utulivu kama mtu anayeshona nguo, nikasikia fahari ambayo sikuwahi kuisikia uwanjani.

Adhuhuri nilirudishwa wodini. Nilikuwa nimefumba macho, si kwa usingizi bali kwa uchovu, niliposikia Sidi akimuuliza Baba kama mimi ni mwalimu kama yeye.

"Hapana," Baba akasema. "Mwanangu ni refa. Wanaume ishirini na wawili wanakimbia, naye ndiye awaamuaye. Akipuliza, wote wanasimama."

Sikufumbua macho. Niliogopa angeacha kusema.

Jumatano tulirudi Mambrui, mimi kiti cha nyuma, mguu juu ya mto wa Mama Kadzo ambao alikataa katakata tuurudishe. Wiki sita nilitembea kwa magongo, bila kuukanyagia mguu ule. Hapo ndipo nilipoijua subira. Kila siku nilikunja na kunyoosha kifundo kama nilivyoelekezwa, na siku nilizotamani kuharakisha, Baba aliniwekea magongo mkononi.

Alasiri moja aliketi mkekani mbele yangu, akapanga vikombe vya kahawa. "Hebu nieleze hiyo ofsaidi." Nilimweleza kwa vikombe mpaka kahawa ikapoa.

Mwezi wa nane tangu ile barua nilisimama kwenye mstari wa mbio Malindi. Sikuwa wa kwanza. Nilimaliza wa nne kutoka mwisho, ndani ya muda uliowekwa, na kifundo hakikukwama hata mara moja. Jina langu likabaki kwenye orodha.

Nilichojifunza nakisema kila ninapokutana na wachezaji. Zamani nilijivunia kukimbia na maumivu, na kukimbia huko ndiko kulikoichuna gegedu yangu. Mguu ukiteguka, upumzishe. Ukivimba wiki baada ya wiki, ukilegea au ukikwama, nenda ukaonwe. Sasa najivunia zile wiki sita nilizokaa kitako.

Mechi yangu ya kwanza baada ya kupona ilikuwa hapa hapa Mambrui. Nilikataa bao la wenyeji, na maneno yakanifuata hadi nyumbani. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, nilipita karibu na msikiti nikawasikia wanaume wakilalamika kwamba bao lilikuwa halali. Sauti moja ikawakatiza, ile inayowanyamazisha wanafunzi miaka yote.

"Alikuwa ofsaidi," Baba alisema. "Nilikuwepo, nimeona."