Vipira Vitatu vya Pumzi

Kariakoo niliingia na ndala za rangi mbili tofauti. Leo nina maduka matatu ya vitenge, na darasa la saba sikumaliza. Mtu kama mimi hababaishwi na kidude cha plastiki.

Lakini kilinibabaisha. Nilikuwa na saratani ya utumbo, na daktari kule Upanga alinipa wiki nne za kujiandaa na upasuaji: niache sigara, nitembee kila siku, na nifanyie kifua mazoezi kwa kidude chenye vipira vitatu. Unavuta pumzi kwenye mrija, vipira vinapanda.

"Kifua kikibaki hivi, sikupasui," akaniambia.

Nikakivuta kwa mbwembwe mbele ya wagonjwa wenzangu. Kipira kimoja kikaruka kidogo, kikaanguka. Nikakohoa mpaka machozi.

Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mama mkaanga samaki wa soko la Feri, anasubiri upasuaji wa titi. Miaka yote hiyo moshi usoni! Akavuta taratibu. Vyote vitatu vikapanda, vikatulia juu.

"Mama, umefanyaje?"

"Karai nimemwachia mdogo wangu. Mimi siku hizi naparua magamba tu, mbali na moshi. Na hapa nimekuja kwa miguu toka Feri. Wewe bosi umekuja na nini?"

"Gari."

"Kwani gari ndilo linalopasuliwa?"

Benchi zima likacheka. Nilicheka pia, huku pakiti ya sigara ikinichoma mfukoni.

Ukweli ni kwamba niliogopa kutembea. Kariakoo bosi akionekana anakata mitaa kwa miguu, kesho yake wanasema kafilisika. Na kweli, asubuhi ya kwanza tu muuza vikombe akanipigia kelele: "Mzee, gari umeuza?"

"Lipo! Anayepasuliwa ni mimi!"

Nikapita. Pakiti niliitupa jalalani, na kuitupa kulikuwa kugumu kuliko kufungua duka la kwanza. Kila nilipotamani kuwasha, nilimwona yule mama na magamba yake.

Wiki ya nne tukakutana benchi lile lile. Nikavuta. Viwili vikapanda, cha tatu kikatetemeka chini. Daktari akatikisa kichwa kukubali, akaandika tarehe yangu.

Mimi ni mtu wa kushinda, nikataka kurudia. Mama akanishika mkono.

"Viwili vinakutosha, bosi. Hicho cha tatu utakipandisha ukishatoka kupasuliwa."

Kwa mara ya kwanza tangu niwe na duka, nilimtii mtu.