Sauti Iliyokuja Baada ya Ukelele

Filamu za kampuni ile inayowachezea watu shere mitaani siku hizi zinakatika ghafla. Mtu anashtuka, anapiga ukelele, uso wake unaganda, kisha kimya. Zamani, baada ya ukelele, ilisikika sauti ya mwanamke asiyeonekana: "Pole mwanangu, ni mchezo tu. Kamera ile pale." Hapo mtu alijishika kichwa, akacheka, na sisi watazamaji tukapumua.

Mwenye sauti ile walimwita Shangazi, ingawa hakuwa na undugu na yeyote kwenye kampuni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye uso ambao mtu angeukabidhi funguo za nyumba bila kuuliza mara mbili. Kazi yake ilikuwa kumfuata aliyechezewa shere na kupata saini yake kwenye fomu ya kukubali. Bila saini, filamu haionyeshwi. Alitembea na chupa ya maji, kitambaa safi na kalamu mbili, maana wengine waliitupa ya kwanza kwa hasira. Mpigapicha alimtania kwamba angepata saini hata ya marehemu.

Mwanzoni aliipenda kazi. Mpita njia aliombwa kusaidia kubeba sanduku, kumbe ndani mna mtu anayepiga chafya. Alirudi nyumbani na kisa cha kuwasimulia wanawe. Lakini watazamaji walizoea, na mkurugenzi, kijana mwenye akili nyingi na usingizi kidogo, akaanza kutafuta hofu. Shangazi akaona kitambaa chake kinalowa machozi upesi kuliko wino unavyopungua.

Ndipo wakaenda kwenye duka la nguo. Mwigizaji alipakwa poda, akasimama kati ya masanamu ya maonyesho akiwa amevaa koti. Mteja akishika koti kutazama bei, sanamu linamdaka mkono. Wawili wa kwanza walicheka. Wa tatu alikuwa mwanamke mwenye gauni pana na mkoba mkubwa mbele. Aliposhikwa hakupiga kelele. Aliketi sakafuni taratibu, mikono yote miwili tumboni.

Nyuma ya pazia wenzake wenye kamera walikuwa bado wanacheka Shangazi aliposema, "Zimeni. Huyu ni mjamzito."

Mimba ilikuwa ya miezi saba. Ndani ya teksi mwanamke yule alisema kwa sauti ndogo kwamba mtoto hachezi. Shangazi alimshika mkono, akamwambia dereva aongeze mwendo. Hospitalini, mkunga akiwa anampaka jeli tumboni, simu ililia. Mkurugenzi alitoa pole, kisha akauliza kama amesaini. Shangazi akaizima.

Mkunga alisogeza kifaa cha kusikilizia moyo huku, akakisogeza kule. Hakuna. Akakisogeza tena, na chumba kikajaa mapigo ya haraka haraka, kama mtu anayepanda ngazi mbio bila viatu.

"Yupo," alisema mkunga. "Mzima kabisa."

Shangazi akaketi kwenye kitu cha kwanza alichokigusa.

"Mama, hiyo ni ndoo ya taka," mkunga alimwambia.

Wakacheka wote watatu, mpaka mwenye mimba akajishika mbavu. "Ningejua mapema," alisema akijifuta macho. "Sanamu gani linavaa soksi iliyotoboka? Nipe karatasi yenu nisaini, mama. Mume wangu atacheka wiki nzima."

Fomu ilikuwa mkobani. Shangazi alimwambia ameisahau dukani.

Alirudi ofisini na fomu tupu, akaeleza yote yaliyotokea. Mkurugenzi alilalamika kwamba siku nzima imepotea, tena kwa mtu ambaye mwenyewe aliona ni kichekesho.

"Alicheka baada ya kumsikia mwanawe," Shangazi alimjibu. "Si baada ya kudakwa na sanamu lako."

Akaweka kalamu mezani, akashuka ngazi akijihisi ametua mzigo ambao hakujua ameubeba kwa miaka mingapi. Akiulizwa kama filamu zile bado zinachekesha, husema zinachekesha pale aliyechezewa anapokuwa wa kwanza kucheka. Nyingine ni kumtazama mtu akiogopa tu.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, msichana. Shangazi sasa anakaa kwenye dirisha la mapokezi la kliniki ya meno, ghorofa ya pili, zamu ya asubuhi.