Nilisikia yowe la jirani nikaendelea kuosha vyombo

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Admin, jina langu lifiche, kwetu Bashay tunajuana mno. Nina miaka thelathini na sita, mama wa mtoto mmoja. Nilizaliwa Mbulu ikiwa bado inahesabika Arusha, mkoa wa Manyara haujawepo. Sasa naishi Napoli, Italia, nilikomfuata mume wangu anayefanya kazi kwenye ghala la mizigo.

Kwa msiojua, kwetu nyumba ziko mbalimbali na mchana kunatulia. Yowe likipigwa, halina mjadala. Unaacha ugali jikoni, unaacha mtoto titini, unatoka na chochote ulichoshika. Nyumba isiyotoka inatengwa. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Sasa mnipeleke Napoli! Watu wa huku wanaongea kwa kupayuka. Wiki ya kwanza nilisikia mwanamke wa chini yetu akipiga kelele ya kuuawa. Nikashuka ngazi peku, mwiko mkononi. Nikamkuta anabishana na mumewe habari za mpira, wanacheka! Wakanipa kahawa. Kesho yake tena, nikashuka tena. Jengo zima likawa linanitania, nikipita wanauliza leo moto uko wapi. Mume wangu aliona aibu. Akaniambia, "Mama Neema, hawa kupiga kelele ni kama wewe kupumua. Jizoeshe, utatuaibisha."

Nikajizoesha. Nilikuwa nikisikia kelele nakaa chini, nashika meza kwa mikono miwili, najiambia si yowe, si yowe. Mwanzoni nilikuwa natoka jasho na moyo unadunda. Baadaye nikawa nasikia na kuendelea na kazi zangu, na kwa kweli nilijiona mjanja, nimekuwa mtu wa mjini.

Mwaka jana tukaja likizo nyumbani kwa mama. Mama ni mjane, anaishi peke yake. Siku hiyo alikuwa shamba la chini kule bondeni, mume wangu ametoka na mtoto kwenda Dongobesh kwao, mimi niko uani naosha vyombo. Yowe likapigwa kwa Mama Yakobo, jirani ambaye boma lake limepakana na letu. Nililisikia vizuri kabisa. Likapigwa tena. Mikono yangu ikabaki kwenye beseni, nasugua sufuria. Sikuogopa wala sikujiuliza kitu. Mama yangu, na mguu wake mbovu, akapanda kilima anahema na jembe mkononi. "Hulisikii yowe?" Nikamjibu, "Nalisikia mama," kama mtu aliyeulizwa kama mvua inanyesha.

Dume lao la ng'ombe lilikuwa limembana Mama Yakobo zizini. Waliotoka mbali walifika kabla yangu. Alifia njiani akipelekwa hospitali.

Wazee wakakaa. Waliuliza nani alikuwa karibu na hakutoka. Mama hakuficha, alisema, "Binti yangu ndiye alikuwa nyumbani." Tarehe ya tiketi zetu ilikuwa imefika, mume wangu akasema twende, mambo yatapoa yenyewe. Hayakupoa. Mama ametengwa. Hakuna anayemsalimia, hakuna anayekuja kumsaidia kuvuna, ng'ombe wake wananyweshwa wa mwisho. Kanisani anakaa benchi peke yake. Wazee wanataka niende mwenyewe, kondoo achinjwe, nisimame mbele ya Baba Yakobo niseme kwa mdomo wangu kwa nini sikutoka.

Niseme nini? Shemeji yangu ananishauri niseme nilikuwa nimelala. Mama amekataa. "Ulinijibu unasikia. Mimi siwezi kusimama pale nikadanganya juu ya marehemu." Na nikisema ukweli, nani ataelewa? Nimwambie mtu aliyefiwa kwamba nilimsikia mkewe analia nikaona ni kelele tu? Watasema mtu wa namna hii asirudishwe kabisa, na mama atabaki hivyo mpaka anaingia kaburini. Mume wangu naye amechoka na machozi yangu, anasema nimlete mama huku. Mama hataki kusikia habari ya kuacha boma la baba.

Jumapili nilimpigia simu. Sauti imefifia, anakohoa. Nikamwambia, mama, mguu ukikuzidia ukaanguka huko, piga yowe, hawawezi kukuacha, ni watu. Akasema, "Watasikia wote, mwanangu. Watakaa tu, kama ulivyokaa."

Ndugu zangu, najua wengine mtanitukana na sikatai. Lakini kabla ya kunitukana niambieni, niende nikaseme nini?