Njiti ya Kiberiti Chini ya Daraja

Mwezi uliopita niliingia duka moja la vyombo vya muziki pale Tunduma kumnunulia baba nyuzi za gitaa. Muuzaji akanitandazia pakiti mbili juu ya kaunta. "Dada, nailoni au chuma? Nailoni sauti yake laini, ya chini chini. Chuma inapiga, unasikika mpaka Nakonde." Kwake lilikuwa swali la kila siku. Kwangu halikuwa. Nilimwambia anisubiri kidogo, nikatoka nje nikanunua maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Wewe unayenijua, rafiki yangu, unajua mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi mara mbili kuusukuma. Watoto wangu hunicheka. Lakini wasiwasi huu una mahali ulipoanzia, na ni kwenye gitaa hilohilo.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka mpaka. Kutwa injini zinanguruma, bati linatetemeka, vikombe vya mama vinagongana vyenyewe kabatini. Baba alikuwa fundi baiskeli. Enzi zile mizigo mingi midogo ilivuka kwa baiskeli, mafuta ya kula, sabuni, magunia ya mahindi, kwa hiyo uwanja wetu haukukosa baiskeli zilizopinduliwa magurudumu juu. Harufu ya utoto wangu ni grisi, solusheni ya kuzibia pancha, na majani ya maboga yanayochemka na karanga za kutwanga.

Bibi, mama yake baba, Mnamwanga wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alihamia kwetu masikio yake yalipoanza kumpotea. Tulilala kitanda kimoja, mimi upande wa ukutani. Ndiye mtu pekee aliyesikiliza hofu zangu bila kucheka, ingawa ilibidi nizisemee karibu kabisa na sikio lake la kulia. Nilipomuuliza kama lori linaweza kuacha njia likaingia chumbani kwetu, alifikiri kwanza, akasema, "Litaanza kwa jirani, sisi tutakuwa tumeshaamka." Nikalala usingizi mzito.

Kila jioni baba akishanawa grisi kwa majivu na sabuni, alichukua gitaa alilopewa na dereva mmoja wa lori, akapiga wimbo wa kanisani bila kuimba. Bibi alitakiwa kuutaja. Akiutaja, mama anafunua ugali tunakula. Asipoutaja, baba anarudia. Ulianza kama mchezo, mpaka siku bibi aliposema mbele yetu sote, "Nikishindwa kuusikia wimbo, nipelekeni kwa kaka yangu ng'ambo. Sitaki kukaa hapa kama kigoda." Baba alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu bibi akisema kitu amesema. Aliwahi kugombana na jirani muuza nyanya, akasema hatazila tena nyanya zake, na kweli msimu mzima alikula mboga bila nyanya.

Gitaa lile lilikuwa la nyuzi za nailoni. Tatu zilifanana na kamba ya ndoana, tatu nene zilivikwa waya mwembamba. Sauti yake ilikuwa ya upole, nzuri kwa chumba kilichotulia, na chumba chetu hakikutulia. Lori likinguruma, wimbo unamezwa, na bibi anabaki akitikisa kichwa mara mbili, taratibu, kama anayekubali, macho kwenye mkono wa baba. Nililala naye, nilimjua. Kutikisa kule kulikuwa na maana kwamba hajasikia kitu.

Baba akasema nyuzi zimechoka, zimejaa jasho na grisi. Akazivua zile nene, akazichemsha kwenye sufuria ya mama, akazianika kwenye kamba ya nguo. Mama alisema kwa hasira kwamba kesho atatupikia supu ya gitaa, na sufuria ile aliisugua kwa mchanga mara tatu. Zikapata uhai siku mbili tatu, kisha zikafifia tena. Jioni moja baba alipiga wimbo wa mazishi, bibi akataja wa Krismasi. Baba, mzee wa kanisa, akasema amepatia. Mama akafunua ugali.

Kesho yake alichukua waya mpya wa breki ya baiskeli, akaufumua mpaka ukawa nyuzi nyembamba za chuma. Kwa uzi mwembamba wa gitaa alitumia mmoja, kwa nyuzi nene akasokota miwili au mitatu pamoja. Wapigaji wengi wa huku walifanya hivyo, ila kwenye magitaa waliyochonga wenyewe kwa mbao nene. La baba lilikuwa la kiwandani, ubao wake mwembamba, limetengenezwa kwa ajili ya nailoni. Hilo halikumjia akilini. Akakaza, akapiga, na sauti iliyotoka ilikuwa kali, ikapasua katikati ya mngurumo wa malori. Bibi aliinua uso kabla ubeti wa kwanza haujaisha, akautaja wimbo, akapiga makofi. "Natotela, mwanangu," alimwambia baba, asante ya kwao ng'ambo. Vidole vya baba vilikuwa vimechubuka. Mimi nililia kwa furaha, machozi yakadondokea kwenye mboga.

Kazi yangu ilikuwa kulifuta gitaa vumbi kila mchana. Baada ya siku chache niliona kitu. Kile kipande cha mti kilichogundishwa juu ya ubao, ambako nyuzi zote zinafungwa, wapigaji hukiita daraja. Nyuma yake palikuwa na ufa mwembamba. Chuma kilikuwa kinavuta kuliko nailoni, na gundi ilikuwa inaachia kidogo kidogo. Nilichana kipande cha karatasi ya daftari nikakisukuma pale. Kikaingia.

Sasa nikuulize, ungefanya nini? Nikimwambia baba, atalegeza zile nyaya au atarudisha nailoni, bibi hatasikia, ataondoka. Nikinyamaza, daraja litang'oka, bibi hatasikia, ataondoka. Nilikuwa darasa la nne na hesabu hiyo niliipiga kila namna, jibu likawa lilelile. Nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza kulinipa siku moja zaidi, na kesho yake siku nyingine tena.

Wiki ya pili jalada la daftari likaingia. Mchana jua likipiga bati, nililisikia gitaa likilia lenyewe ukutani, kwii, nikiwa naosha vyombo nje. Nikaanza kulegeza nyaya kwa siri nikitoka shule. Jioni baba anashangaa mbona limeshuka, anazikaza upya, tena anazidisha kidogo. Bibi alikuwa anapatia nyimbo zote. Alinenepa hata. Alianza kumtania mama kwamba siku hizi ugali unachelewa kuliko wimbo. Mimi chakula hakikupita, bibi akanishika paji la uso akiuliza kama nina homa. Hapo ndipo ningesema. Sikio lake la kulia lilikuwa pale pale, kama siku zote. Nikamwambia ni tumbo tu.

Siku iliyofuata nilijaribu njiti ya kiberiti. Iliingia nusu, nikaisukuma, ikakatikia ndani. Nilihangaika nayo kwa kucha na pini ya nguo, haikutoka.

Jioni hiyo baba alikuwa anakaza uzi wa mwisho. Daraja liling'oka kwa kishindo, likaruka na nyaya zake zote, likagonga bakuli la karanga. Mama alipiga kelele. Baba alibaki amekumbatia gitaa, mkono hewani. Bibi peke yake alicheka. "Hiyo nimeisikia," alisema, na aliposema hivyo akatazama ubao uliobanduka, akaacha kucheka.

Baba aliokota lile daraja akaligeuza. Nusu njiti ilikuwa imenasa kwenye gundi. Akaitoa, akaitazama chini ya taa. "Nani ameweka njiti hapa?" Aliuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Nikasema sijui. Akaifikiria, akasema basi pengine ni yeye mwenyewe siku ile alipokuwa anafunga nyaya, na akaomba msamaha kwa bibi. Baba yangu aliomba msamaha kwa kosa langu nami nikiwa nimekaa hapo nachambua karanga.

Alilirudisha daraja kwa gundi na bolti mbili za baiskeli, akaweka nailoni. Akapiga. Lori likapita. Bibi akatikisa kichwa mara mbili, taratibu. Jumatatu yake alifunga kanga zake, na baba akampeleka ng'ambo kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Aliniambia nisilie, Nakonde si mbali. Kweli si mbali, tulikwenda kumwona mara nyingi, lakini kitanda kikawa kipana na hofu zangu zikakosa wa kuzisikiliza. Alifariki kulekule. Hakuwahi kujua kwamba nilijua.

Rafiki yangu, baiskeli zimekwisha. Uwanja wetu sasa ni kijiwe cha bodaboda, na breki za pikipiki hakuna anayezifumua kutengenezea wimbo. Mama naye alishatutoka. Malori ndiyo yamebaki, marefu kuliko zamani, yananguruma kutwa, na baba hayasikii tena. Ndiye aliyenituma nyuzi. "Lete zenye kelele," aliniambia kwenye simu, na maneno yangu aliyarudia vibaya mara kadhaa ndipo tukaelewana.

Nilinunua chuma. Nimfanyeje? Nilizifunga mwenyewe, na alipoupiga uzi wa kwanza uso wake ulifunguka kama wa bibi. Nikarudi kwangu Mlowo. Jumamosi iliyopita nimekwenda kumwona, nikalifuta gitaa vumbi, na bila kufikiri nikatoa tiketi ya basi mfukoni nikaisukuma nyuma ya daraja, kati ya zile bolti mbili za zamani. Ikaingia.

Safari hii sikunyamaza. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwambia. "Baba, daraja linabanduka." Akaniangalia mdomo. Nikapaza sauti. "Linabanduka! Na zamani pia niliona! Njiti ilikuwa yangu! Niliona tangu mwanzo, nikanyamaza!" Madereva wa bodaboda waligeuka wote. Jirani alitoka na mwiko mkononi. Miaka yote ile nilikuwa naogopa kulisema kwa sauti ndogo, na sasa nililipigia kelele uwanja mzima ukasikia.

Baba alinishika shavu. Akatikisa kichwa mara mbili, taratibu, kisha akavuta gitaa mapajani, akaanza kupiga.