Mjerumani Aliyekula Ndizi

Mwezi uliopita nilishuka Kyela kumzika mama. Siku ya tatu, wageni walipoanza kupungua, nilitoka peke yangu nikaelekea ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuyaangalia mahandaki ya Mjerumani. Utanishangaa, maana kanga ya msiba bado ilikuwa kiunoni, lakini moyo ulinienda mbio kama nina miaka tisa.

Yalichimbwa enzi za vita vya Wajerumani na Waingereza, juu kidogo ya mchanga, pale mashamba ya kokoa yanapokoma. Utotoni mwangu mawili yalikuwa mifereji tu iliyojaa majani. La tatu ndilo lilikuwa lenyewe: chumba cha mawe kilichozama ardhini, mlango wake unaingia umeinama, na upande wa ziwa kulikuwa na tundu refu jembamba la kutolea bunduki. Ndani kulinuka popo na udongo mbichi. Ukiweka jicho kwenye tundu, ziwa lote lilikuwa lako.

Kila mtoto alijua Mjerumani aliacha dhahabu humo. Mimi na dada yangu tulichimba kila likizo kwa jembe lililovunjika mpini, asubuhi wakubwa wakiwa shambani. Tulipata ganda moja la risasi na kifungo cha koti. Kile kifungo tulikilalia kwa zamu.

Sasa ili unielewe, lazima nikwambie mila ya kwetu. Mkamwana hakutakiwa kuonana na baba mkwe. Si kuongea tu, hata sura yake asiijue. Mama alipika chakula cha babu, mimi nikakipeleka nyumbani kwake, ng'ambo ya kokoa. Akimsikia babu njiani, mama alitoka njiani akapotea mpaka apite. Wakionana uso kwa uso ni aibu ya ukoo, na upande wa mke walipaswa kutoa ng'ombe. Kwao mama hakukuwa na hata mbuzi. Jirani yetu mmoja alirudishwa kwao kwa kosa hilo, akaacha watoto wawili.

Basi asubuhi moja, wakati wa mavuno ya mpunga, tukaingia handakini tukakuta kigoda. Pembeni yake ukili uliosukwa nusu, na juu ya jani la mgomba ndizi mbili za kuchemsha, bado zina moto.

Dada akanibana mkono. "Yumo," akanong'ona.

"Nani?"

"Mjerumani. Amerudi kulinda mali yake."

"Sasa mbona anasuka ukili?"

"Wewe nawe. Vita vimekwisha, unataka afanye nini?"

Tukatoka mbio hadi kwa babu. Alikuwa akigeuza kokoa juani, na akatusikiliza bila kuacha kazi.

"Mjerumani yumo handakini, babu. Anakula ndizi."

"Ndizi?" Akaisimamisha fimbo yake. "Basi huyo ameshazoea. Twendeni tukamsalimie."

Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile. Sisi mbele tunaruka, babu nyuma na mguu wake mbovu, akikohoa kikohozi kilichojulikana kijiji kizima. Hatukuwaza mtu aliyekuwa akipanda kutoka ziwani na maji, akisikia kikohozi hicho, angekimbilia wapi.

Babu akainama akaingia. Mimi nilimfuata nimejibana ubavuni mwake. Jua la asubuhi lilipenya kwenye tundu moja kwa moja, na ndani ya mwanga huo alisimama mama. Ndoo ilikuwa kichwani, mikono yote miwili imeishika, hana mkono wa kujifunika uso. Wakatazamana. Maji yakamwagika kidogo, yakamtiririka begani.

Nikaelewa kila kitu mara moja: kigoda, ukili, ndizi, vyote vya mama, na humo ndimo alimojificha kila babu alipopita. Na nikaelewa ni mimi niliyemleta babu.

Babu akarudi kinyumenyume akanikanyaga. Nje akakung'uta magoti, akasema kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano, "Nimeingia. Giza tupu. Sikuona mtu." Kisha akatugeukia. "Na ninyi?"

"Hatukuona mtu, babu."

Mama hakuitwa kwenye kikao chochote. Ila kuanzia siku iliyofuata, babu hakupita tena njia ile ya ziwani. Alizunguka kwenye kinamasi, na mguu wake huo, hadi alipofariki.

Miaka yote sikumwambia mama. Mwaka huu, akiwa mgonjwa kwangu Uyole, nilikuwa namenya viazi karibu na kitanda chake nikaona nisipolisema nitabaki nalo. "Mama, siku ile babu nililetwa naye, hapana, nilimleta mimi." Hata maneno yalinigomea.

Akafumba macho, nikadhani amelala.

"Nilikuona," akasema. "Umetokeza kichwa kwapani mwake. Watu walikuwa wakiniambia, huyu binti yako ni babu yake mtupu. Naitikia tu, nilinganishe na nini? Siku ile nikawaona mmesimama pamoja. Nikasema kumbe."

Mwezi uliopita nililikuta handaki halina paa. Watu wa dhahabu wamelibomoa, na ziwa limekula ukuta wa tundu. Hata ile mila imekwisha. Msibani wakamwana walikula kwenye jamvi moja na wakwe zao wakitaniana, na sikusikitika, kwa sababu najua mama aliibeba vipi. Mzee mmoja alikuwa shimoni na sururu. Akanisalimia, akaniuliza kama mimi ni mwenyeji.

"Nimezaliwa hapa."

"Basi niambie, dada. Hapa kuna mtu aliwahi kuona kitu?"

"Watu wawili walionana," nikamwambia. "Mara moja tu."

Akasubiri niendelee. Kisha akainua sururu yake akaendelea kuchimba.