Fomu ya Baba na Hundi Niliyoikimbilia

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, hata arubaini ya marehemu baba haijafika, nilipopiga simu ofisi iliyomtunzia akiba yake ya kustaafu. Baba alikuwa dereva wa lori hapa Dallas. Kwenye fomu ya mrithi aliandika jina langu peke yangu, kwa kuwa siku anaijaza mama alikuwa ameshafariki na mdogo wangu Saidi bado mtoto. Baadaye aliandika wasia kwamba tugawane sawa. Fomu hakuigusa tena. Nani huigusa? Hata wewe yako hujaigusa, usinidanganye.

Mama aliyepokea simu ofisini aliniuliza kwa upole: nataka fedha zihamishiwe akaunti ya urithi nizitoe kidogo kidogo, au nitumiwe zote kwa mkupuo?

"Zote," nikamjibu. "Kwani ni zako?"

Astaghfirullahi, ulimi wangu wa ujana!

Hundi ikaja. Nusu nikampa Saidi, aliyekuwa Houston, maana wasia ni wasia. Nusu yangu nikaiweka kwenye nyumba DeSoto, pembeni mwa Dallas, nikajiona mjanja. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, nami nikadhani wanawasema wenye maduka.

Msimu wa kodi ulipofika ndipo nikajua kwa barua: serikali imezihesabu fedha zile zote kuwa mapato yangu ya mwaka ule mmoja, juu ya mshahara wangu wa hospitali. Nikampigia Saidi anisaidie kulipa kodi.

"Dada, barua ina jina la nani?"

"Langu."

"Basi."

Nikamtukana. Akakata simu.

Nikaendesha mpaka Gulfton, kule Houston, kwa Mzee Athmani, aliyeendesha malori na baba, nikitaka anionee huruma. Alisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Baba yako kaweka miaka ishirini, wewe umemaliza kwa simu moja. Ulimuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu."

"Na kuuliza ni bei gani?"

Nililipa kodi ile kwa zamu za ziada, miguu imevimba. Saidi akaoa, nikapata habari kwa watu. Ndugu yangu wa pekee! Miaka minne hatukusemezana, mpaka alipopata binti nikaenda bila kualikwa, nikagonga mlango. Alifungua amembeba mtoto. "Karibu, shangazi," akasema.

Sasa nyinyi vijana! Barua mnarundika juu ya friji, nikisema mnanijibu "Later, shangazi." Later ipi hiyo, baadaye ya lini? Kifo kinakungoja umalize?

Itazame fomu yako leo. Ukioa, ukiachana, ukizaa, ukifiwa, itazame tena, kwani wasia haushindi fomu hiyo. Na ukirithi, usiseme "zote" kabla hujamuuliza mjuzi wa kodi. Siku hizi mtoto anayerithi akaunti ya mzazi kwa kawaida hupewa miaka kumi ya kuimaliza, na huenda akatakiwa kutoa kiasi kila mwaka. Miaka kumi si ruhusa ya kulala, mwanangu, wala si amri ya kukimbia. Na ndugu yako mwambie mapema kodi itamwangukia nani, kabla hamjagawana.

Mungu akupe umri wa kuila akiba yako mwenyewe. Na ukitangulia, wanao wakulilie chini ya paa moja.