Ripoti ya Baba Niliyoandika Kwamba Haipo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka mji wetu wa Kasongo kwenda kusoma kilimo chuo cha mbali, na siku hiyo nilikuwa natetea memwari yangu, yaani tasnifu ya kumaliza chuo, juu ya mihogo ya Wamaza, kijiji cha Kabambare. Huko Wamaza aliishi baba mdogo, aliyenilea tangu baba yangu alipofariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni.

Ukurasa wa pili niliandika kwamba hakuna mtu aliyewahi kuchunguza ile mbegu mpya ya mihogo niliyoiandikia katika eneo letu. Niliandika kwa moyo mweupe. Niliingia maktaba, nikakaa mbele ya kompyuta yenye hifadhidata, yaani orodha ya maandishi ya pale na ya kwingine, nikaingiza kichwa kizima cha memwari, maneno kumi na sita ya Kifaransa. Ikajibu sifuri. Nilifurahi, unajua ujana tena. Nikajiona wa kwanza duniani. Hata nikamwambia baba mdogo apande mbegu hiyo bondeni kwake kote, naye akapanda, kwa sababu msomi wa familia amesema.

Kati ya walimu waliokuja kunisikiliza alikuwemo Mama Feza, mtu wa maneno machache. Aliniuliza nilitafuta na maneno gani. Nikamsomea. Hakunicheka. Alifungua kompyuta yake mbele ya wote, akaandika mambo mawili tu: jina la Kilatini la muhogo, na Kabambare. Wamaza hakuiandika, maana wengi hutaja teritwari, yaani wilaya, si kijiji. Yakatokea maandishi kumi na moja. Kidole chake kikasimama kwenye la nne.

"Mwenye kuandika hii iko na jina kama lako," akasema. "Unamujua?"

Lilikuwa jina la baba yangu, herufi moja imekosewa. Nilijua tu kwamba alizunguka vijijini kwa baiskeli akifundisha wakulima. Kwamba aliandika ripoti, hata mama hakuwahi kuniambia. Mama Feza alinigeuzia kompyuta nisome mwenyewe. Baba alikuwa ameijaribu mbegu ileile tuliyoiita mpya, na mwishoni aliandika kwamba ikipandwa bondeni penye maji, mizizi huoza kabla ya kuvunwa.

Niliomba ruhusa, nikatoka nje kumpigia baba mdogo. Nilipomuuliza mihogo ikoje, akasema: "Nilichimba shina mbili juzi. Zinanuka. Nilizani ni miye sikujua kupanda, nikaogopa kukuharibia kazi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonivunja, mwanangu, si alama. Bonde lote lilioza, na mwaka ule watoto wake walikula unga wa kuomba kwa majirani. Memwari nilirudishiwa, nikaianza upya, safari hii nikianza na ripoti ya baba.

Kwa hiyo nawe ukianza kazi yako ya chuo, usiipe hifadhidata sentensi nzima kana kwamba unaongea na mtu. Chagua maneno mawili matatu yaliyobeba jambo lako. Kila neno litafutie ndugu zake, la Kifaransa, la Kiingereza, la kitaalamu, na jina la mahali lilivyoandikwa zamani. Maandishi yakija mengi mno, unganisha maneno kwa "et", yaani "na". Yakiwa machache, weka "ou", yaani "au", kati ya yale yenye maana moja. Ukipata andiko moja zuri, tazama limepangwa chini ya maneno gani, uyafuate, kisha usome orodha ya vitabu iliyo mwishoni mwake. Na mtunza maktaba muulize, mimi niliona aibu. Ukikosa kabisa, andika "sijaona". Hilo "hakuna" usiliandike eti kwa sababu umetafuta mara moja tu.

Mungu akupe macho yenye subira, akuepushe na haraka yangu, na elimu yako iwashibishe waliokulea. Amina.